Yai Nililokula Mbele ya Askari

Ninyi wajukuu mnaojua kusoma, someni hii mkiwa mmekaa, na mkiwa mmekwisha kula. Nawaona kila asubuhi. Mama yenu anawakaangia mayai, mmoja anasema lake limeungua pembeni, mwingine anasema hapendi kiini, na wa tatu, tena msichana, anasukuma sahani kando kama mke wa mfalme aliyeletewa majani ya mbuzi. Simtaji, anajijua. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nanyamaza, maana nikifungua mdomo mtasema bibi kaanza. Basi leo nimeanza, na nimeanza kwa kalamu, hamwezi kunikatiza. Shule yangu ilikuwa katekisimu tu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, ikalisheni vizuri wenyewe. Ndiyo kazi mliyosomeshewa.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Kwetu Nyakasimbi vita hivyo hatukuviona kwa macho. Tulivijua kwa chumvi kuadimika na kaniki kupotea madukani, na kwa wanaume kukimbilia kibanjani, katikati ya migomba, kila waliposikia gari. Serikali ilikuwa inakusanya watu, wengine wawe askari, wengine wakakate mkonge. Hawa ndio wanaume ambao jioni, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikishashuka, walitusimulia jinsi babu zao walivyokuwa mashujaa.

Lakini vita vya kwanza, vile vya Mjerumani na Mwingereza, vilikuwa bado vimelala kwenye kilima nyuma ya nyumba yetu. Kulikuwa na handaki la zamani limeota nyasi, na mbuzi walipenda kujikinga humo na upepo. Wazungu wale walipomaliza kugombea nchi yetu, bila kutuuliza, kila mmoja alikusanya bendera yake na masanduku yake akaenda zake. Vyuma walituachia sisi.

Binti yangu wa kwanza wakati huo alikuwa na meno mapya ya mbele, makubwa kuliko mdomo. Alichunga mbuzi na binti wa shemeji yangu mkubwa. Siku hiyo walichukua viazi vitamu wakavichome huko huko kilimani. Nilikuwa nimemfunza kazi za jikoni, na alifunzika. Msichana aliyefunzwa hapiki juu ya mafiga mawili. Akatafuta mawe, akapata mawili, la tatu hakuliona. Akaliona dude la chuma ndani ya handaki, la mviringo, zito, lina kutu. Akalikokota, akalipanga na yale mawe mawili, akawasha moto.

Nilikuwa napalilia maharage. Nilisikia mlio mmoja, kuku wakatawanyika, halafu mbuzi wakarudi nyumbani peke yao. Nyuma yao akaja yule binamu yake mbio. Alikuwa ameenda kukata majani ya mgomba ya kufungia viazi, ndiyo maana alipona.

“Mama mdogo,” akasema, “figa limepasuka!”

Nilikimbilia kilimani, nikamkuta binti yangu chini. Mguu wake wa kushoto, kuanzia goti kwenda chini, ulikuwa vyuma, majivu na viazi. Nilichomoa vipande nikidhani ni nyama yake, kumbe ni kiazi. Vingine nilidhani ni kiazi.

Sasa baba mkwe wangu alifanya kile alichojua kufanya. Aliita kikao. Mtoto amelala kwenye mkeka ananguruma kama paka, wanaume wamekaa uani na kibuyu katikati, wanazungushiana mrija. Mmoja akasema ni mizimu ya askari waliofia kilimani. Mwingine akasema ni kosa la mbuzi. Wa tatu akauliza ni nani aliyewapa watoto viazi.

“Lakini vita viliisha,” akasema baba mkwe. “Mimi nilikuwepo vilipoisha.”

“Figa halikuambiwa,” nikajibu kutoka jikoni.

 Mkwe wa kike hakuwa anamjibu baba mkwe, hata jikoni. Mume wangu alikohoa kwa niaba yangu.

Misheni walikuwa na dispensari, lakini mbali, na walisema dawa zote zimekwenda vitani. Aliyetusaidia ni mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa duka barabarani, ambaye alipita kila wiki na baiskeli yake akikusanya mayai ya kuuza. Alimchungulia mtoto, akavua kofia.

“Mama, mguu huu si wa majani,” akaniambia. “Kuna kambi ya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, upande wa Nyaishozi. Wana daktari Mzungu na mahema ya wagonjwa. Mayai haya nawapelekea wao. Mpeleke.”

Mkumbuke huyo mtu na kikapu chake cha mayai, atarudi.

Tukamweka mtoto kwenye machela. Wanaume walibeba vizuri, siwasingizii. Walipokezana, wakaimba, wakapanda kilima na kushuka kilima, mimi na wifi yangu tukifuata nyuma. Wifi huyu ni dada wa mume wangu, shangazi ya mtoto, mwanamke mkali wa mila, shingo yake imenyooka hata akiwa amebeba kuni. Tulipofika kwenye kona ya barabara ambapo mahema yanaanza kuonekana, nyimbo zikakatika. Machela ikatuliwa chini taratibu.

“Sisi tutasubiri hapa,” akasema shemeji mkubwa.

“Mnasubiri nini?”

“Tunalinda nyuma.”

“Nyuma kuna nini?”

Akaangalia nyuma. Palikuwa na ng'ombe. Mume wangu akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya upole, “Mke wangu, wewe unajua kuongea na watu.” Wakaingia migombani wote, mabega mapana yale. Waliogopa kuandikishwa. Basi mimi nikashika mbele, wifi akashika nyuma, tukaibeba machela sisi wawili mpaka getini. Hilo wifi alilifanya bila neno, na ninaliandika ili mjue hakuwa mtu mbaya.

Askari wa zamu akatusimamisha. “Nani huyo?”

“Mtoto.”

“Mtoto wa nani?”

“Mtoto wangu. Chuma chenu.”

Akamwita dresa, yule anayefunga vidonda, kijana wa upande wa Muleba aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi kanisani.

“Mama, hii ni hospitali ya askari. Raia hawalazwi. Lazima awe na amri ya mkubwa wake.”

“Mkubwa wake ni mimi. Nimeamuru.”

Bado tunabishana, daktari akatoka hemani, nusu ya uso ina sabuni ya kunyolea. Alikuwa mrefu, mwekundu, magoti kama ya korongo. Alifunua jani la mgomba tulilofunikia mguu, akatazama, akapanguza sabuni kwa mkono wa shati lake. Hakuuliza amri ya mtu. Alimchukua mtoto mwenyewe, akaingia naye ndani.

Walimlaza usingizi kwa dawa ya kunusa, wakatoa vyuma kimoja kimoja, wakavitia kwenye mkebe wa maziwa. Nilivisikia vikilia nikiwa nje. Daktari alipotoka alinionyesha mkebe, anacheka kidogo kama mvuvi aliyepata samaki. Nikamwambia dresa, “Muulize hivyo vyuma ni vya kwao au vya Mjerumani.”

Wakaongea. Dresa akasema, “Anasema hawezi kujua. Vikishapasuka vyote vinafanana.”

Nikamwambia amshukuru. Ningesema nini? Mtu kakuvunjia chungu, kisha anakuja kuokota vigae kwa uangalifu mkubwa, na wewe unatakiwa useme asante. Nilisema, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizuri, na kwa kuwa nilimhitaji.

Wifi alirudi nyumbani, mimi nikabaki. Hema lilikuwa limejaa askari, lakini majeraha ya vita humo hayakuwepo. Wengine walikuwa na homa, mmoja alikanyagwa na lori lao wenyewe, na wengine walikuwa na magonjwa ambayo walijifunika shuka mimi nikipita. Binti yangu ndiye pekee hemani aliyeumizwa na silaha. Kwa hiyo walimheshimu. Walimvika shati la jeshi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, wakamwita Koplo, na asubuhi walimpigia saluti wakiwa wamelala.

Sasa tufike kwenye mayai.

Kwetu zamani, kwa watu waliojiona wa heshima, mwanamke hakula yai. Hakula kuku wala senene. Senene aliwakamata yeye, akawanyonyoa mabawa, akawakaanga, akampelekea mume, akalamba vidole kwa siri kama alikuwa na ujasiri. Kuku alifuga yeye, akamfukuzia mwewe, akamtengenezea kiota chini ya kitanda chake, na yai likaenda kwa baba. Tuliambiwa mwanamke akila yai tumbo lake linafunga, hazai tena. Nani alituambia? Walaji wenyewe.

Daktari aliagiza Koplo apewe mayai ya kuchemsha kila siku, na maziwa. Mtoto alipokea yai kwa mikono miwili, akasema asante kama nilivyomfundisha, akalitia kwenye mkono wa shati. Dresa akigeuka, yai linahamia kitanda cha jirani, kwa askari wa homa. Mimi wakati huo nilikuwa nje nafua bendeji, ndiyo kazi niliyopewa ili nipate ruhusa ya kukaa. Kidonda kikakataa kupona. Mtoto akawa mwepesi, macho makubwa, mguu unanuka.

Dresa ndiye aliyegundua. Akasimama katikati ya hema, mikono kiunoni.

“Huyu askari alikuja hapa mifupa mitupu, sasa ana kitambi. Na Koplo anakauka. Hebu ona!” Akakung'uta lile shati, yai likadondoka kitandani.

“Nilimwambia ale mwenyewe,” akasema askari, anajivutia shuka.

“Ulimwambia saa ngapi, ukiwa unatafuna?”

Mtoto akaanza kulia. “Shangazi alisema nikila yai sitazaa.”

Hema zima likacheka. Daktari hakucheka. Aliinama akanusa bendeji, kisha akaongea na dresa taratibu, na dresa uso wake ukabadilika.

“Mama, anasema damu yake ilimwagika sana. Mwili hauna cha kujengea. Asipokula, kidonda hakitafunga, na kikiendelea hivi mpaka Jumapili atakata mguu hapa.” Daktari akaweka kidole chake kwenye paja la mtoto, juu ya goti.

Niliketi kitandani, nikalimenya lile yai, nikampa. Akafunga mdomo. Nikamwambia kwa upole, akafunga mdomo. Nikamwambia kwa ukali, mnaujua ukali wangu, akafunga mdomo zaidi. Halafu akasema kitu ambacho hakuna mtu mzima kwenye kile kikao cha rubisi angekifikiri.

“Mama, wewe umewahi kula?”

“Hapana.”

“Basi kula wewe kwanza. Nikiona.”

Tumboni nilikuwa na mjomba wenu, bado mdogo, hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Dresa alinitazama. Askari wote walinitazama, hata waliojifunika shuka. Nilimwangalia mtoto, nikaangalia pale kidole cha daktari kilipokuwa. Nikaliuma lile yai.

Mnataka kujua lilikuwaje? Lilinikasirisha. Lilikuwa tamu. Miaka yote ile ya kufukuza mwewe, miaka yote ya kuamka na jogoo, na wao wanakula hiki, wakifuta midomo na kutuambia ni sumu! Nililimaliza lote, nikameza, nikakaa. Mtoto akanisubiri nife. Sikufa. Nikamwambia dresa alete lingine.

“La kwako au la Koplo?”

“Lete mawili.”

Akala. Askari wakapiga makofi, yule wa kitambi akipiga kwa huzuni. Jumapili ilipofika kidole cha daktari hakikurudi kwenye paja. Kidonda kilikuwa chekundu safi pembeni, kama mdomo wa mtoto mchanga.

Wifi akaja siku moja na mkungu wa ndizi kichwani, amekuja kumwona mtoto, machozi tayari. Akaona maganda ya mayai kwenye sahani. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, na mtoto, mjinga wa Mungu, akamwambia kwa furaha, “Shangazi, hata mama amekula!” Wifi alitua ndizi, akaondoka bila kuaga.

Hazikupita siku nyingi askari wa zamu akaniita. “Mama, kuna wanaume wako pale kwenye kona. Wanakupungia. Nimewaambia wakaribie, wanajificha.”

Nikaenda. Ukoo mzima ulikuwa pale nyuma ya mgomba, machela begani. Baba mkwe walimletea kigoda chake, akakikalia barabarani kana kwamba yuko uani kwake. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nilipiga magoti, nikamsalimu baba mkwe, hakuitikia.

“Tumesikia mmekula uchafu.”

“Tumekula mayai, baba.”

“Mnamsikia?” wifi akapaza sauti. “Anatamka!”

“Mtoto atoke leo,” akasema baba mkwe. “Aje asafishwe nyumbani kabla watu hawajajua. Nani atamwoa msichana aliyekula mayai?”

“Na mwenye mguu mmoja nani atamwoa?”

“Mguu ni shauri la Mungu. Mayai ni shauri lako.”

Nikatazama chini, kama mkwe mwenye adabu. “Sawa, baba. Mimi ni mwanamke, siwezi kushindana na ukoo. Mtoto yuko kwenye lile hema la mwisho, mnaliona. Machela mnayo. Nendeni mkamchukue.”

Wakaangaliana.

“Nenda wewe umlete,” akasema shemeji mkubwa.

“Mimi? Mimi nimekula mayai. Mikono yangu haifai kugusa mtoto wa ukoo. Nendeni ninyi wenye mikono safi.”

Baba mkwe akamwambia shemeji mkubwa aende. Shemeji akasema goti lake siku hizi halifai kwa barabara tambarare, linataka kupanda. Akaambiwa wa pili. Wa pili akasema yeye ana mke mgonjwa nyumbani, ingawa mke wake asubuhi hiyo alikuwa amemfungia chakula cha njiani. Wakamgeukia mume wangu. Alifungua mdomo, na sijui mpaka leo alitaka kusema nini, kwa sababu yule askari wa zamu, aliyekuwa amechoka kutusikiliza, akapaza sauti toka getini:

“Wazee, karibuni! Daktari leo anapima vifua vya askari wapya!”

Sijawahi kuona migomba ikitikisika vile bila upepo. Machela ikaachwa, kibuyu chao cha rubisi kikaachwa. Baba mkwe, ambaye jeshi lisingemtaka hata kufagia, alikuwa wa pili kutoka mbele. Wifi alibaki amesimama peke yake barabarani. Alinitazama, nikamtazama, na nilimwona anabana midomo isicheke. Kisha akachukua kibuyu akawafuata, shingo yake imenyooka.

Mimi nikachukua kigoda. Nilikibeba mpaka hemani, nikakikalia kando ya kitanda cha binti yangu. Mwanamke hakalii kigoda cha baba mkwe, hilo nalo nililijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kula yai.

Kesho yake asubuhi mume wangu alikuja. Alipita getini na kikapu cha ndizi kichwani, mgongo ameukunja, kaniki amejifunga kifuani.

“Pita, mama,” askari akamwambia, na yeye akapita. Akaketi chini kando ya kigoda changu, jasho linamtoka. Mtoto alipoletewa yai, baba yake alilichukua akalimenya, akamlisha kipande kwa kipande. Hakusema kitu kuhusu ukoo, wala mimi sikumwuliza kuhusu kaniki yangu.

Keya walipoamriwa kuhama, kidonda kilikuwa kimefunga. Mguu ulitoka na kovu na ulegevu kidogo, kama mnavyouona kila siku, kwa kuwa Koplo huyo ndiye mama yenu anayewakaangia mayai. Aliwazaa ninyi nyote, na tumbo lililofunga silijui. Mjomba wenu naye alizaliwa ananguruma. Daktari alitaka kunipa ule mkebe wa vyuma niwe na ukumbusho. Nikamwambia dresa amwambie abaki nao, sisi tunavyo kilimani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni kwa baba yake, kigoda kichwani kwangu. Baba mkwe alikiona kinapita uani kwake na hakukidai, maana angelazimika kueleza alikiacha wapi. Nikakiweka jikoni kwangu, nikaketi. Yule mtu wa baiskeli alikuwa mlangoni na kikapu chake, amekuja kuchukua mayai ya wiki. Nikamwambia arudi mikono mitupu. Halafu nikamwita mume wangu, watoto, na wifi aliyekuwa anachungulia, nikawaambia hivi: kuanzia leo yai la kwanza linalotagwa katika nyumba hii ni la mtoto wa kike, la pili ni langu, na mwanamume atakayetaka la tatu atalifuata kambini popote Keya walipo, apite getini, aliombe mwenyewe.